Shule ni ya nani? Mzazi na kazi ya kujitolea

SAFU YA MZAZI NA MTOTO

 

Mwezi huu tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi wenu mmetuuliza kwenye foleni ya maji, sokoni, kanisani na msikitini. Wazazi wanaitwa shuleni. Wanaambiwa waje kupika uji, kufyeka nyasi, kuziba matope kwenye ukuta, kukaa kwenye kamati. Wengine wanaenda, wengine wanakataa. Maswali mliyotuletea ni matatu. La kwanza: ni lazima? La pili, na hili limeulizwa kwa sauti kubwa kuliko mengine: "Banatulipa ngapi?" La tatu: kama shule ni ya serikali na ya shirika, sisi wazazi tunaingia wapi?

Ni maswali mazuri, na hatutayajibu kwa kuwahubiria. Tutayachukua moja moja.

SALONGO, UMUGANDA NA KUJITOLEA

Kwanza tuseme ukweli: wengi wetu tukisikia "kazi ya bure kwa faida ya wote", moyo unarudi nyuma. Tuna sababu. Sisi tuliotoka Zaire ya zamani tunakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu. Siku ya salongo ulitoka na jembe, utake usitake, na asiyetoka alitafutwa. Ndugu zetu Wanyarwanda wana umuganda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Warundi nao wana kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi. Katika kazi hizo yako mazuri mengi, barabara na shule zilijengwa. Lakini mtu aliyezoea kuandikwa jina kwa sababu hakuja hawezi kuamini haraka kwamba kuna kazi ambayo anaweza kusema ndiyo au hapana.

Basi tutofautishe. Kazi ya amri ni ile ambayo usipoifanya unaadhibiwa. Ajira ni kazi ya kila siku, yenye saa zake, na mwenye kuifanya anastahili malipo. Kujitolea ni kitu cha tatu: unatoa saa chache, kwa hiari, kwa jambo ambalo faida yake unaiona, na ukisema leo siwezi, nina shamba au nina mgonjwa, hakuna anayekugombeza.

Ukiona mtu anakuita "wa kujitolea" lakini anataka uje kila siku kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 10 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, muhula mzima, hiyo imekuwa ajira isiyolipwa. Una haki ya kusema hivyo kwa adabu. Hapa tuangalie na lugha: Uganda ukisema "posho" mtu anafikiri ugali, na sisi tunafikiri pesa kidogo ya kumshukuru mfanyakazi. Kwa hiyo kwenye mkutano ulizeni wazi: mnasema posho ya kula au posho ya mkononi? Ugomvi mwingi umeanzia hapo tu.

SHERIA YA HAPA INASEMA NINI?

Wazazi wengi hawajui kwamba nchi hii ina sheria inayomtaja mzazi. Ni Sheria ya Elimu ya mwaka 2008. Inasema wajibu wa mzazi au mlezi ni kumwandikisha mtoto shule akifikia umri, kumpa malezi na maongozi, kumpa chakula, nguo, mahali pa kulala, matibabu na usafiri. Inasema pia mzazi ashiriki katika mambo ambayo jamii inafanya kusaidia shule, na asaidie kujenga nidhamu ya wanafunzi. Mnaona? Chakula cha mtoto anapokuwa shuleni kimewekwa upande wa mzazi. Ndiyo maana hedmasta anawaita kwa habari ya uji.

Lakini sheria ileile ina upande wa pili ambao hausomwi mara nyingi kwenye mikutano. Shule iliyo katika mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ule ulioanza Uganda mwaka 1997, haitakiwi kutoza ada ya masomo. Wazazi wanaweza kuchanga kwa hiari kukiwa na jambo la haraka. Na mtoto hatakiwi kukataliwa kusoma eti kwa sababu mzazi wake hakutoa, au hata kwa sababu amekataa kutoa. Tusome tena: hata kama amekataa.

Na sisi wakimbizi je? Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kwamba katika elimu ya msingi mkimbizi atendewe sawa na raia. Hiyo ndiyo sababu mtoto wako anakaa benchi moja na mtoto wa Mnyankore wa kijiji cha jirani. Haki hiyo tumepewa sawa, na wajibu wa mzazi nao umetukuta sawa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu ilipita zamani, wengine wetu watoto wamezaliwa hapa na wamefika P6.

SHULE NI YA NANI?

"Shule ni ya shirika." Maneno hayo tunayasikia kila siku. Bati limeandikwa jina la shirika, tangi la maji lina jina la shirika, hata daftari. Basi choo kikiziba, mzazi anasema shirika litakuja. Mlango ukiibwa, shirika litakuja.

Ndugu zangu, tumeona sote jinsi mambo yalivyobadilika. Mwaka 2025 pesa za misaada zilipopungua duniani, ilionekana kwamba jina kwenye bati haliwezi kulisha mtoto wala kumlipa mwalimu. Mashirika yanakuja na yanaondoka, mradi una mwanzo na mwisho. Mtoto wako ana miaka yake saba ya shule ya msingi na haitangoji mradi mwingine.

Tena tukumbuke tulikotoka. Congo, baada ya mgomo mkubwa wa walimu wa miaka ya 1990 mwanzoni, ni nani alifungua shule tena? Ni wazazi. Mishahara ya serikali haikuwa inafika, basi wazazi walianza kutoa pesa ya kumtia moyo mwalimu, ile "prime", na ikaendelea hivyo kwa miaka karibu 30, mpaka serikali ilipotangaza elimu ya msingi ya bure mwezi wa 9 mwaka 2019. Mzigo ule ulikuwa mzito na ulifukuza watoto wengi wa maskini shuleni, hatuusifu. Tunasema tu kwamba mzazi Mkongomani hawezi kusema hajui shule inasimamaje. Anajua sana. Alikuwa na komite ya wazazi kule, alijua direkta amepata nini na ametumia nini. Kwa nini akivuka mpaka ujuzi huo uishie mpakani?

Kwa hiyo jibu letu ni hili: jengo linaweza kuwa la serikali, bati la shirika, lakini asubuhi wanaoingia mle ni watoto wetu. Na mwenye mtoto ndani ya nyumba hawezi kujiita mgeni wa nyumba hiyo.

"MIYE SIKUSOMAKA, NITAENDA KUSEMA NINI?"

Mama mmoja wa Juru alituambia maneno haya: "Miye sikusomaka. Kizungu sijue. Nikifika pale walimu wanaongea, miye ninaangalia tu chini. Njo maana nilichoka kwenda." Tunajua kuna wengi kama yeye, na baba vilevile, ila baba hawasemi.

Mama, kuna mambo mengi ambayo hayahitaji Kiingereza wala kalamu. Haya ni machache:

1. Kuangalia daftari. Huwezi kusoma, lakini unaweza kuona. Je, ukurasa wa leo umeandikwa? Kuna alama nyekundu za mwalimu? Tangu wiki iliyopita ameandika kurasa ngapi? Mtoto anayejua daftari litafunguliwa jioni haandiki upuuzi.

2. Kumwambia akufundishe. Mwambie, "Nisomee ulichosoma leo, uniambie kwa Kiswahili maana yake." Akiweza kukueleza, ameelewa. Akishindwa, mmejua wote wawili pa kumuuliza mwalimu kesho.

3. Kufika shuleni siku isiyo ya mkutano. Pita tu, salimia, uliza, "Mwalimu, mtoto wangu anaendeleaje?" Darasa lenye watoto zaidi ya 100, mwalimu hawezi kuwajua wote. Atamjua yule ambaye mama yake alikuja.

4. Kusindikiza. Wazazi watano wa mtaa mmoja wakipeana zamu, watoto wadogo wa P1 na P2 wanaweza kwenda na kurudi pamoja na mtu mzima kila siku, na kila mzazi anatembea mara moja tu kwa wiki.

5. Kusimulia. Shule nyingi zinapenda mzazi au mzee aje kuwasimulia watoto hadithi, kuwafundisha kusuka mkeka, kufuma kikapu, kupanda mboga. Hiyo ni elimu, na wewe ndiye mwalimu siku hiyo.

6. Kuwa sikio. Msichana aliyeanza hedhi shuleni na hana pedi wala kanga, haendi kwa mwalimu mwanaume. Anakaa nyumbani siku nne, kisha wiki, kisha haonekani tena. Akina mama wawili watatu wanaojulikana shuleni, wenye kabati dogo la vitambaa safi na sabuni, wanaweza kumrudisha msichana huyo darasani bila kelele.

LUGHA INAYOWAPOTEZA WADOGO

Jambo la lugha tunaliweka peke yake kwa sababu ndilo linalotuumiza zaidi. Mtoto wetu anaingia P1 anajua Kiswahili, Kinyabwisha, Kibembe au Kirundi. Anakuta mwalimu anafundisha Runyankore au Kiingereza. Mtaala wa Uganda unasema madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya mahali pale, halafu P4 waanze kuhamia Kiingereza. Ni mpango mzuri kwa mtoto wa pale. Kwa mtoto wetu, lugha "ya nyumbani" ni ya nyumba nyingine.

Kweli, mwaka 2022 serikali ya Uganda ilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Tumefurahi. Lakini mtihani wa mwisho wa P7, hesabu, sayansi, maarifa ya jamii na Kiingereza chenyewe, unaandikwa kwa Kiingereza. Mtoto wa miaka 12 au 13 aliyetoka Congo na amemaliza mwaka wa sita kwa Kifaransa, hapa anarudishwa P3 au P4 akakae na wadogo. Anaona haya. Wavulana wanaenda kubeba mizigo senta, wasichana wanaolewa. Hapo ndipo tunapowapoteza.

Mzazi anayejitolea anasaidiaje? Kwa njia mbili. Kwanza, darasani P1 na P2: mzazi au kijana anayejua Kiswahili na Runyankore kidogo akikaa na mwalimu asubuhi mbili kwa wiki, akitafsiri maneno ya kwanza, "simama, kaa, andika, hesabu", mtoto haogopi tena. Shule nyingine zina wasaidizi wa darasa wa namna hiyo wanaolipwa na miradi. Ambapo hawapo, ombeni. Mkikosa, jaribuni kwa makubaliano na hedmasta.

Pili, jioni. Tunao kati yetu walimu waliosoma humanités pédagogiques na kufundisha miaka mingi kule. Hapa cheti chao hakitumiki mpaka kilinganishwe na UNEB, na karatasi hizo zinachukua muda na pesa. Mwalimu huyo anauza nyanya. Tunamwomba, siyo kwa amri: saa moja, mara mbili kwa wiki, chini ya mti, na watoto wakubwa waliorudishwa madarasa ya chini. Na sisi wazazi wa mtaa tusimwache mikono mitupu. Kila nyumba ikitoa kikombe cha maharage kwa mwezi, mwalimu naye amekula. Kujitolea hakumkatazi mtu kushukuriwa.

HESABU YA UJI

Sasa tuje kwenye uji, maana ndio unaoleta maneno mengi. Tufanye hesabu pamoja, kila mzazi ajue kinachoombwa ni nini.

Kikombe cha nusu lita kinahitaji karibu gramu 50 za unga. Muhula una siku za masomo kama 60. Zidisha: gramu 50 mara siku 60 ni gramu 3,000, yaani kilo 3 za unga kwa mtoto mmoja kwa muhula mzima. Mwenye watoto watano shuleni, ni kilo 15.

Shule ya watoto 1,000 inahitaji basi kilo 50 za unga kila siku. Maji ya uji pekee ni lita 500, yaani majerikani 25 ya lita 20, kabla hujaosha sufuria wala vikombe. Ongeza kuni, ongeza sukari au chumvi. Mnaona kwamba si kazi ya mwalimu mmoja na mpishi mmoja. Mnaona pia kwamba mtu akiwaambia mtoe kilo 10 kwa kila mtoto, mna haki ya kuuliza kilo 7 zinakwenda wapi.

Tunajua kilo 3 si kidogo mahali ambapo pesa ya chakula ya familia imepunguzwa au imekatwa kabisa. Kwa hiyo tunapendekeza kila kamati iweke njia tatu, mzazi achague moja: unga, au kuni na maji, au siku za kazi jikoni. Mjane mwenye watoto watano asiye na unga anaweza kutoa siku sita za kazi, na hakuna wa kumtazama kwa jicho baya.

Na kazi hiyo igawanywe vizuri. Wakiwa akina mama na akina baba 40, wanne wakija kila siku, kila mmoja anarudi zamu baada ya siku 10 za masomo. Ni mara sita tu kwa muhula. Lakini shule ikitegemea mama walewale wanne kila siku, mwezi wa pili watachoka, wa tatu uji umekwisha. Mpishi mkuu, yule anayewasha moto saa 11 alfajiri kila siku, huyo siyo wa kujitolea. Huyo apewe kitu.

Mtoto ambaye mzazi wake hakutoa chochote afanywe nini? Apewe uji. Tunasema hivyo bila kuzunguka. Mdaiwa ni mzazi, mtoto hana deni. Kumsimamisha mtoto pembeni aangalie wenzake wakinywa ni fimbo mbaya kuliko fimbo, na fimbo yenyewe shuleni imekatazwa na sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016. Kamati imtembelee mzazi nyumbani, imsikilize. Mara nyingi utakuta ugonjwa, au nyumba ambayo mlezi ni dada wa miaka 15.

BABA WAKO WAPI?

Hebu angalieni mkutano wa wazazi. Upande huu mama 60 na watoto mgongoni. Upande ule baba wanane, na wawili kati yao ni wajumbe wa RWC ambao kuja ni kazi yao. Lakini ukifika wakati wa kuchagua mwenyekiti na mweka hazina, ghafla baba wanatokea kutoka senta.

Tunaongea kwa heshima. Baba wengi wamebeba aibu: kule alikuwa na ng'ombe, duka, kazi ya leta. Hapa hana, na anaona shuleni ataulizwa kile ambacho hana. Baba, shule haikuulizi ulichopoteza. Dawati lililovunjika linahitaji nyundo na misumari mitano. Mlango wa choo cha wasichana hauna komeo, na choo kisicho na komeo msichana haingii. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Mtoto wa kiume akimwona baba yake anatengeneza dawati la darasa lake, atajifunza kitu ambacho hakimo katika kitabu.

MALI BILA DAFTARI

Tumesikia pia malalamiko, na hatutayaficha. Wazazi wa shule moja walichanga unga, hawakuona uji. Katika nyingine waliambiwa shirika limeleta vikombe, hawakuviona. Mzazi akidanganywa mara moja, kumrudisha ni kazi ya miaka. Mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo kamati yoyote inayotaka watu wajitolee ishike mambo haya:

- Daftari la kila kinachoingia: tarehe, jina, kilo ngapi. Mtoaji na mpokeaji waweke sahihi, au kidole gumba.
- Ubao nje ya ofisi, mahali mzazi anapita: mwezi huu tumepokea kiasi hiki, tumetumia kiasi hiki, kimebaki hiki. Kwa Kiswahili na kwa Runyankore, siyo Kiingereza peke yake.
- Funguo mbili za stoo, moja kwa mwalimu na moja kwa mzazi. Mlango ufunguliwe wote wawili wakiwapo.
- Hesabu isomwe kwa sauti mwisho wa muhula, na wasiosoma wawe na mtu wao wa kuwasomea ambaye wamemchagua wenyewe.
- Kamati iwe na sura za wote: Mkongomani, Mrundi, Mnyarwanda, Msomali, na mwenyeji wa kijiji. Watoto wanachanganyika vizuri, wakubwa ndio tunaogawanyika.

Jambo jingine ni usalama wa watoto. Si kila anayesema "nimekuja kusaidia" aachiwe watoto. Anayejitolea ajulikane na kamati na mtaa wake, aandike jina kwenye kitabu akiingia na akitoka, na asikae peke yake na mtoto mahali pa kujificha. Wafanye kazi wawili wawili. Mtu mwenye nia nzuri hatakasirika kwa hilo.

NENO KWA WALIMU

Walimu wetu wapendwa, tunajua mzigo wenu. Mnasimama mbele ya watoto ambao hata hewa darasani haiwatoshi. Lakini tunawaomba mambo mawili. La kwanza, msituite tu kukiwa na shida au mchango. Mtuite siku moja mtuambie mtoto fulani ameendelea vizuri. Mzazi akisikia jina la mtoto wake likitajwa kwa wema, kesho atakuja bila kuitwa. La pili, mkutano uwe na mtu wa kutafsiri na uanze saa mliyosema. Mama ameacha shamba, amesubiri saa tatu, kisha ameongewa lugha asiyoijua kwa dakika 20. Hatarudi, na hatuwezi kumlaumu.

Na wazazi nasi tuwe na adabu. Ukiwa na neno juu ya mwalimu, usiingie darasani kumfokea mbele ya watoto. Anza na mwalimu mwenyewe, kisha hedmasta, kisha kamati ya shule na RWC. Ikishindikana, ofisi ya elimu ya wilaya ipo, Isingiro, na inspekta wa shule kazi yake ni hiyo.

TUNAJIBU MASWALI MATATU

Ni lazima? Kumpeleka mtoto shule na kumlisha ni wajibu. Kuchanga na kufanya kazi shuleni ni hiari, na mtoto hafukuzwi kwa hilo.

Tutalipwa ngapi? Kwa zamu ya asubuhi moja baada ya wiki mbili, hakuna malipo. Kwa kazi ya kila siku, ombeni, mna haki.

Tunaingia wapi? Kwa mlango. Mlango wa shule uko wazi, na ukiona umefungwa, njooni wengi. Kumbukeni shule za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona kuanzia mwezi wa 3 mwaka 2020 na zikafunguka kabisa mwezi wa 1 mwaka 2022, karibu miaka miwili. Wasichana wangapi wa mtaa wako hawakurudi? Hesabu kwa vidole. Wakati ule hakukuwa na mwalimu wala shirika nyumbani, kulikuwa na mzazi tu. Nyumba ambako mzazi alikuwa anauliza habari za daftari, wengi walirudi.

KAZI YA MWEZI HUU

Kila mwezi tunawapa kazi ndogo. Ya mwezi huu ni rahisi. Leo jioni fungua daftari la kila mtoto uliye naye, wako au wa ndugu uliyeachiwa. Kabla ya Ijumaa, fika shuleni dakika 10, uliza jina la mwalimu wake na umtajie lako. Mwisho, uliza daftari la uji liko wapi, ulione kwa macho. Kama halipo, hapo mmepata kazi ya kwanza ya kujitolea: mwenye daftari tupu na kalamu ajitokeze.

Mkono mmoja haulei mwana. Toleo lijalo tutaongea juu ya watoto wanaofanya kazi sokoni siku za shule, na namna ya kuzungumza nao bila vita. Maswali yenu leteni kama kawaida.

Mbaki na amani, na tuonane jikoni shuleni.